Tulivyowakopesha Vijana wa Kompyuta
(Hotuba ya Mwenyekiti katika sherehe ya kikundi kutimiza miaka kumi, Kipawa, Dar es Salaam)



 Tunawakumbuka wenzetu wawili waliotangulia mbele ya haki. Tunawakumbuka pia wale waliohamishwa kupisha upanuzi wa kiwanja cha ndege wakaenda kuanza maisha mapya huko Pugu, ambao leo wamepanda magari mawili matatu ili wafike. Karibuni nyumbani.

Kamati ya Sherehe ilituomba tueleze historia ya kikundi toka mwaka 2015. Historia hiyo Katibu ameshaiandika katika kitabu mlichopewa mlangoni, tangu wanawake kumi na wanane chini ya mwarobaini mpaka thelathini wa leo, na hatuna sababu ya kuwachosha kwa kuirudia. Sisi tunaomba tuzungumzie jambo moja tu, nalo ni zile shilingi milioni nne tulizowakopesha vijana mwezi wa tatu mwaka huu ili waendeshe kampuni ya kutengeneza programu za kompyuta. Tunajua mtaani maneno ni mengi. Imesemwa kwamba akina mama wa Kipawa wameingia wazimu, eti wanakopesha hewa. Hata humu ndani wapo wanachama sita waliopiga kura ya hapana, na leo wamevaa sare kama sisi. Basi ni haki yao na yenu kusikia tulifikaje huko.

Habari hii haianzii mwezi wa tatu. Inaanzia mwaka 2017, tulipotembelewa na kijana mmoja nadhifu, mwenye kampuni na wenzake wawili. Hatutaitaja, na kwanza imeshakufa. Alituambia daftari ni mambo ya zamani. Akatuwekea katika simu ya Katibu programu ya kuandikia hisa, mikopo, marejesho na faini. Unabonyeza tu, na kila mwanachama anapata ujumbe kwamba leo umenunua hisa tatu, jumla yako ni kadhaa. Na yote hayo bure! Tulimpigia vigelegele, tukampikia na ubwabwa kwa kuku. Kwa mwaka mmoja na nusu mambo yalikwenda vizuri, na sisi wenyewe kwa mikono yetu tukaacha kuandika daftari. Hilo ni kosa letu, hatumsingizii mtu.

Jumamosi moja ya mwezi wa kumi mwaka 2018, miezi miwili kabla ya mgao, Katibu akabonyeza, simu ikawa inazunguka tu. Tukadhani bando limekwisha. Tukachanga tukanunua bando. Ikazunguka. Tukapiga simu ya yule kijana, haipatikani. Baada ya wiki mbili ndipo tukaelezwa kwamba amepata kazi nchi ya nje, amekwenda. Kumbe hesabu zetu hazikuwa ndani ya simu. Zilikuwa katika kompyuta kubwa ya mbali wanayoiita seva, ambayo inapangishwa kwa mwezi kama chumba. Kodi yake alikuwa akiilipa yeye kwa kadi yake mwenyewe, na neno la siri la kufungulia alikuwa nalo yeye peke yake. Wale wenzake wawili walikuja, wakakaa kwenye mkeka, mmoja akalia. Hawakujua kitu. Kodi haikulipwa, mwenye nyumba akatupa vyombo, na vyombo vya aina ile hata barabarani huvioni.

Tukafungua sanduku, tukahesabu. Kwa jinsi tulivyokumbuka, zilipungua Sh. 1,340,000/=.

Jamani, hapa tuseme taratibu kwa sababu mhusika yupo. Mtu wa kwanza kuangaliwa alikuwa Mweka Hazina. Hakuna aliyesema "umeiba" siku ile. Tulimwangalia tu. Jumamosi iliyofuata maneno yalikuwa yameshafika sokoni. Yeye akaja, akaweka ufunguo wake juu ya mkeka, akaondoka bila kuaga. Kwa miezi minane akawa akituona upande huu wa barabara anavuka upande wa pili. Mwezi wa pili mwaka 2019 alifiwa na mama yake mzazi. Kati yetu ishirini na sita wa wakati ule, waliokwenda kwenye msiba walikuwa wanne. Tunalisema hili mbele ya wageni kwa sababu lilifanyika, na kitabu cha miaka kumi kisichokuwa nalo kingekuwa na uongo.

Aliyetuokoa ni bibi yetu wa vitumbua. Alikuwa Muheza kwa binti yake aliyejifungua, akarudi mwezi wa sita. Aliposikia habari, akaenda ndani akatoa daftari la shule la mjukuu wake. Yeye simu hakuiamini tangu mwanzo. Kila Jumamosi akifika nyumbani alikuwa anachora: duara ni hisa, mstari ni mkopo, msalaba ni marejesho, na kila mwanachama ana ukurasa wake wenye alama yake, huyu jembe, yule sufuria. Tulikaa nalo siku mbili. Zile fedha hazikuibiwa. Ni mikopo mitatu iliyotolewa siku moja mwezi wa nane, na sisi katika kujumlisha kwa kichwa tulihesabu kana kwamba imesharudi.

Tulikwenda kwa Mweka Hazina wote, na khanga, na sukari, tukapiga magoti uani kwake. Alituuliza swali moja tu: "Kwa nini mliiamini simu mkaniacha mimi?" Hatukuwa na jibu, na mpaka leo hatunalo. Alirudi mwezi wa saba. Angeweza kukataa.

Sasa mtaelewa kwa nini baada ya hapo neno "mfumo" likitajwa tulikuwa tunaziba masikio. Mwaka huo huo wa 2019 Vodacom na Benki ya TPB, ambayo siku hizi inaitwa TCB, walileta M-Koba kwa ajili ya vikundi kama vyetu. Vikundi jirani vikajiunga, sisi tukasema asanteni, sanduku letu lina kufuli tatu na linatutosha. Mtindo huu wa sanduku ulianzia kwa wanawake wa Niger mwaka 1991 chini ya shirika la CARE, na hauhitaji mtandao.

Basi mwezi wa pili mwaka huu wakaja vijana watatu: binti wa mwenzetu, aliyesoma hapa hapa kwenye chuo cha VETA cha TEHAMA, na wavulana wawili wa mtaani. Wametengeneza programu ya kuwasaidia wenye maduka ya dawa kujua dawa ipi imebaki, ipi inakaribia kuharibika, nani anadaiwa. Wakaomba milioni sita. Wavulana wakaanza kutuonyesha picha kwenye kompyuta. Tukawaambia funga hiyo, keti, tuzungumze.

Tulizungumza Jumamosi tatu. Wengi wetu tuliishia darasa la saba, na wapo waliosoma ngumbaru, kwa hiyo tuliwataka waeleze kwa lugha ya mtu. Na yule binti alieleza. Alisema hivi: "Mama zangu, mnakumbuka mwaka jana mlivyosumbuka na LUKU?"

Nani asiyekumbuka? Mwaka 2024 ukinunua umeme unaletewa mistari mitatu, kila mstari tarakimu ishirini. Miwili ya kuboresha mita, wa tatu ndio umeme wenyewe. Mtu unakaa mbele ya mita na karatasi, mtoto anasoma, wewe unabonyeza, ukikosea unaanza upya, na giza linaingia. Tulidhani TANESCO wanatuchezea. Binti akatueleza kwamba mita za aina hiyo, za hapa na za nchi nyingine nyingi, zinahesabu dakika tangu tarehe 1 Januari 1993. Nafasi ya kuhesabia waliyoitenga wale watengenezaji inatosha dakika milioni 16 na laki saba na ushee, yaani karibu miaka 32. Nafasi hiyo ilikuwa ijae tarehe 24 Novemba 2024. Mita ambayo ingekuwa haijaingiziwa ile mistari miwili ingekataa umeme mpya. Basi mita moja moja, nyumba kwa nyumba, mamilioni, ilibidi ziguswe kabla ya siku hiyo.

Akatuuliza: "Mnadhani wale waliopanga hesabu ile mwaka 1993 bado wako ofisini?" Wengine wamestaafu, wengine bila shaka wamekufa. Lakini jambo lilikuwa limeandikwa mahali, na waliokuja nyuma walilisoma, wakajua siku, wakaanza maandalizi miaka kabla. Ndipo akasema wao wanataka kuwa kampuni ya namna hiyo. Mvulana mmoja akacheka kidogo, maana yeye alikuja na habari za kutajirika upesi. Tulimwona.

Hapo tulianza kuelewa biashara hii ilivyo. Bibi wa vitumbua akiuza kitumbua, kikiliwa kimekwisha, hakuna anayemrudia kesho kusema kitumbua cha jana hakifunguki. Programu siyo hivyo. Ukimpa mwenye duka leo, inabaki kwake na inaendelea kukudai. Simu zinabadilika, TRA wakibadili utaratibu wa risiti nayo lazima ibadilike, mwenye duka anaongeza duka la pili, mfanyakazi wake anasahau neno la siri usiku wa manane. Binti alisema kuiandika iliwachukua miezi saba. Kuitunza hakuna mwisho, na fedha nyingi huenda huko, na huko hakuna anayekupigia picha.

Alitutajia pia Mmarekani mmoja mtengenezaji wa programu, Ward Cunningham, ambaye mwaka 1992 alilipa jambo hili jina la deni. Ukiandika haraka haraka ili uwahi sokoni, umekopa. Siyo vibaya kukopa, lakini usiporudi kupanga vizuri ulichokirashia, unalipa riba kila siku kwa muda unaopotea katika viraka, mpaka unafika mahali kampuni nzima inashinda ikiziba viraka na haiwezi kufanya jipya. Hapo sisi tukakaa vizuri kwenye mkeka, maana deni tunalijua. Tukamuuliza: nyinyi mnadaiwa kiasi gani humo ndani? Akatazamana na wenzake. Akasema, "Kipo kipande cha madeni ya wateja, tulikiandika usiku mmoja." Jibu hilo lilitupendeza kuliko zile picha.

Mwenzetu mmoja kati ya wale sita akasimama. Akasema haya mambo ya kudumu ni ya wenye mitaji ya Wazungu, mfano M-Pesa, siyo watoto wa Kipawa. Hoja yake ilikuwa nzito na tuliichukua.

Ni kweli M-Pesa ilikuwa na wenyewe wakubwa. Lakini tukiangalia ilivyoanza, ilianzia kwa watu kama sisi. Oktoba 2005 Vodafone na Safaricom waliijaribu kule Kenya pamoja na Faulu, taasisi ya mikopo midogo. Lengo lilikuwa wakopaji wa vikundi walipe marejesho kwa simu badala ya kubeba noti. Wakopaji wakaitumia kwa mambo mengine kabisa: huyu anamtumia mwenzake, yule anajiwekea fedha akiwa safarini. Viongozi wa jaribio wangeweza kusema watu hawa hawafuati maelekezo. Hawakusema hivyo. Waliwafuata watumiaji, na Machi 2007 wakaitoa kama njia ya kutuma fedha nyumbani, mwaka 2008 ikafika huku kwetu kwa Vodacom. Halafu mwaka 2015 ule mfumo ukahamishwa kutoka Ulaya ukaletwa kukaa Kenya, jambo ambalo ni sawa na kuhamisha nyumba huku watu wamelala ndani. (Makato yake hatuyapendi, na tozo za mwaka 2021 hatujazisahau, lakini hiyo ni hotuba nyingine.)

Jambo lililotushika zaidi ni la viongozi. Safaricom iliongozwa na Michael Joseph tangu mwaka 2000 hadi 2010. Akampokeza Bob Collymore. Collymore aliugua, na Julai 2019 akafariki akiwa bado kazini. Bwana Joseph akashika kwa muda, na Aprili 2020 akaingia Peter Ndegwa. Kiongozi amekufa, na mama wa Machakos bado anapokea fedha ya mwanawe. Sisi kijana wetu alikwenda tu nje kufanya kazi, mzima wa afya, na tukapoteza kila kitu pamoja na mwenzetu. Tofauti hiyo siyo ya mtaji tu.

Binti akaongeza mfano mdogo zaidi, nao una jina la Kiswahili. Januari 2008, wakati wa machafuko ya baada ya uchaguzi Kenya, watu wachache walitengeneza kwa siku chache programu ya kupokea taarifa za wananchi na kuziweka kwenye ramani, wakaiita Ushahidi. Mmoja wao ni mwanamke, Ory Okolloh, naye ndiye aliyeongoza mwanzo. Kazi yao waliiacha wazi, mtu yeyote aweze kuisoma na kuitumia, na Januari 2010 tetemeko la ardhi lilipopiga Haiti ilitumika huko. Okolloh akaondoka kwenda kazi nyingine. Akashika Juliana Rotich, mwanamke tena. Baadaye uongozi ukafika kwa Angela Oduor Lungati, ambaye aliingia pale kama mwandishi wa programu tu, akapanda humo humo. Hapo vigelegele vilipigwa, hatukatai. Ila Mweka Hazina, ambaye muda wote alikuwa kimya, akauliza: "Hao wanalipwa na nani?" Akajibiwa kwamba ni shirika lisilo la faida, lina wafadhili. Akasema, "Sisi wafadhili hatuna. Tuzungumze bei."

Vijana walikuwa wamepanga kutoa huduma bure miezi sita ili wapate wateja wengi. Tulikataa wote kwa pamoja, hata wale sita. Cha bure tulishakila. Yule kijana wa mwanzo hakuwa mwizi, jamani. Alikuwa analipa kodi ya seva kwa mfuko wake kwa sababu hakuthubutu kututoza, na siku mfuko wake ulipohama, na hesabu zetu zikahama. Mwenye duka la dawa ambaye hawezi kulipa shilingi elfu ishirini na tano kwa mwezi ili ajue dawa zake, huyo bado hajaihitaji programu.

Kulikuwa na mwenye maduka mmoja aliyetaka kununua moja kwa moja, laki tatu taslimu, asilipe tena maisha. Wavulana wakaona hiyo ni neema. Mweka Hazina akachukua kijiti akachora chini kwenye mchanga: mwaka wa kwanza unamhudumia kwa laki tatu zake. Mwaka wa pili unamhudumia kwa fedha ya nani? Ya mteja mpya. Na wa tatu? Ya mteja mpya mwingine. Siku wateja wapya wakikoma, umekufa, na wote unakufa nao. Ni ule mchezo wa upatu ambao wa mwisho hulia, ila umevaa kompyuta. Basi wakakubali kutoza kila mwezi, na katika kila elfu kumi inayoingia elfu moja haiguswi, inakaa pembeni mpaka itoshe kodi ya seva ya miezi sita.

Kabla ya kura, Mweka Hazina alisimama. Alisema maneno machache na tunayaweka humu kwa idhini yake: "Mimi niliadhibiwa kwa kosa ambalo halikuwa langu. Hawa watoto msiwaadhibu kwa kosa la yule." Ishirini na nne walipiga ndiyo, sita hapana.

Lakini vijana nao walikuwa na lao. Tulipokwisha kuwabana kwa maswali, akifa mmoja wenu je, akiolewa huyu binti je, yule mvulana mcheshi akainua mkono. Akasema, "Shikamooni mama zangu, samahani. Na nyinyi mwenyekiti wenu akiondoka?"

Tukanyamaza wote. Ndege ikapita, tukashukuru kwamba imepita. Katika miaka kumi kiti hiki kimekaliwa na mtu mmoja, huyu huyu aliyesimama mbele yenu. Kila uchaguzi ulipofika tulisema aendelee, amezoea. Namba ya mtu wa benki iko kwenye simu yake. Ahadi za mdomo na Serikali ya Mtaa ziko kichwani mwake. Watu wa mkopo wa halmashauri wanamjua yeye kwa sura. Tulimlaani yule kijana wa seva, kumbe na sisi tulikuwa na seva yetu, inakula ugali.

Haya, masharti. Waliomba sita, tukawapa nne, mara mbili: mbili mwezi wa tatu, mbili mwezi wa tano, baada ya kuona kile kipande cha usiku mmoja kimeandikwa upya. Kurudisha ni 4,400,000/= kwa miezi ishirini, yaani 220,000/= kila mwezi kuanzia mwezi wa saba. Hisa za kampuni hatukutaka, hatujui kuzisimamia, na mwanamke asiyejua dawa asiingilie kupanga kabati la dawa. Tulichotaka ni kwamba kila kazi ijulikane na watu wawili. Kila mwisho wa mwezi mwenye duka apewe hesabu zake zote zikiwa mkononi mwake, azisome hata bila wao. Na maneno yote ya siri yaandikwe, yafungwe kwenye bahasha kwa lakiri, yawekwe ndani ya sanduku letu lenye kufuli tatu.

Mwezi wa sita tukasema hebu tuijaribu hiyo bahasha. Tukaita watu wa funguo, tukafungua, binti akaandika neno la siri kama lilivyo. Ikakataa. Akaandika tena. Ikakataa. Kumbe walishalibadilisha mwezi wa tano wakasahau kuleta jipya! Yule mwenzetu wa kura ya hapana hakusema kitu, alitabasamu tu na kurekebisha khanga yake. Tangu siku hiyo kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi bahasha inafunguliwa, inajaribiwa, inafungwa upya. Inachosha, na wapo wanaolalamika kwamba tunachelewa kupika.

Mwezi wa tisa yule mvulana mcheshi alipata ajira benki. Mtaani wakasema si tuliwaambia. Na sisi tulitetemeka, tusidanganyane. Alikaa wiki tatu akikabidhi, binti anauliza, yeye anaandika, wanabishana mpaka usiku. Wateja wawili waliondoka kwa sababu walimzoea yeye. Marejesho ya mwezi wa kumi yalichelewa siku tisa na tuliwatoza faini kama tunavyomtoza mwanachama yeyote. Lakini siku aliyoondoka, maduka ishirini na tisa yalifunguliwa asubuhi na kila moja likakuta dawa zake zimeandikwa vile vile. Mpaka leo zimerudi 880,000/=, na 3,520,000/= bado ziko nje. Zitarudi zote? Hatuwezi kuapa. Binti bado hajajifunza kusema hapana kwa mteja, anaahidi mambo mengi kupita mikono yake, na huyu mvulana aliyebaki ni hodari wa kazi ila hapendi kuandika alichofanya. Tunawaambia kila mwezi.

Ndugu Mgeni Rasmi, lile swali la yule mvulana nalo tumelifanyia kazi. Tangu mwezi wa nne Makamu Mwenyekiti amekuwa akienda benki, akienda halmashauri, akiongoza vikao viwili katika kila vitatu. Mambo yaliyokuwa kichwani yameandikwa kwenye daftari kubwa la bluu, kurasa arobaini na moja, kwa mwandiko wa darasa la saba lakini unasomeka. Uchaguzi ni Jumamosi ya pili ya mwezi wa kwanza, na huyu aliyesimama hapa hatagombea. Amekwisha kuomba aruhusiwe kukaa upande ule wa mkeka, karibu na bibi wa vitumbua, na kununua hisa zake kama mtu mwingine.

Sanduku ndilo hilo mezani. Ndani, juu ya fedha, ipo bahasha ya vijana, na chini yake lipo lile daftari la mjukuu lenye majembe na masufuria. Ufunguo wa pili anao Mweka Hazina, yule yule.

Wapishi wametuashiria mara mbili sasa, na pilau la watu mia likipoa halina heshima. Karibuni mezani, wageni watangulie.